Muvi ya Bure, Laini Yenye Alama ya Kidole Chako

Jioni Katoro, karasha za kusaga mawe zikishanyamaza na vumbi likishatua, kuna foleni nyingine isiyo ya mawe. Vijana waliotoka Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu wamesimama mbele ya duka lenye kompyuta moja, spika mbili na bango lililoandikwa kwa mkono: TUNAWEKA NYIMBO, MUVI, SIZONI MPYA. Mmoja ameshika memori kadi, mwingine flashi, wa tatu ametoa simu nzima na kuiweka mezani. Baada ya robo saa mtu anaondoka na sizoni ya Kikorea iliyotafsiriwa, nyimbo za Kisukuma za Bhudagala, singeli za kuamshia kazi, na mahubiri aliyoagizwa na mama yake. Duka kama hilo utalikuta Kahama, Masumbwe, Runzewe na Mwakitolyo, na popote dhahabu ilipokusanya watu wenye fedha kidogo mfukoni na usiku mrefu wa kupoteza.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye kwenye foleni hiyo, na wewe uliyekaa nyuma ya kompyuta, na wewe unayepakua mwenyewe saa nane usiku bando likiwa rahisi. Nina jambo moja kubwa la kukuambia, na mengine yote yanatokana nalo: unapochukua faili la bure, kitu unachokiweka rehani ni laini yako ya simu. Laini hiyo ndiyo benki yako. Ndiyo kitambulisho chako. Na siku ukitafutwa, ndiyo itakayoulizwa kwanza.

Laini inavyokujua

Zamani mtu alinunua laini kwa mchuuzi barabarani, ikasajiliwa kwa jina lolote lililokuja mdomoni. Mei 2019 usajili wa alama za vidole ulianza, ukafungamanishwa na namba ya NIDA, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Tangu hapo kila kinachopita kwenye laini kina mwenyewe anayejulikana.

Simu yako ikiingia mtandaoni hupewa anwani ya IP. Kwenye data ya simu anwani moja hutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo wengi hujidanganya kwamba wamefichika. Mwenye tovuti unayopakulia kweli haoni jina lako. Kampuni ya simu, kwa upande wake, inaijua laini iliyokuwa hewani, mnara uliokuwa ukiihudumia, na mtu aliyeweka kidole wakati wa kuisajili. Mpelelezi akija na utaratibu wa kisheria, njia ni fupi: anwani, laini, kidole, wewe.

Machimboni hatari hii ina sura yake. Kijana amefika kutoka Kigoma au Simiyu, kitambulisho hana, anamwomba mwenzake wa duara moja la uchimbaji amsajilie laini. Mwenzake anakubali kwa utu tu. Miezi sita baadaye yule kijana amehamia kwenye rashi nyingine ya dhahabu, laini ameuza, na huko iliko inatumika kurusha video chafu kwenye makundi au kutapeli watu. Kidole kilichoko kwenye kumbukumbu ni cha yule aliyesaidia. Piga *106# leo, uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako, uikane rasmi na ifungwe. Usisubiri uitwe kituoni kuieleza.

Na habari ya VPN, ile programu ya kuficha anwani yako, kwa kuwa najua utaniuliza. Tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kutoa taarifa zao kwa mamlaka ifikapo tarehe 30 mwezi huohuo. Hilo la kwanza. La pili, VPN haikufichi kwa kila mtu. Inahamisha tu macho: yale yaliyokuwa yakionwa na kampuni ya simu sasa anayaona mwenye VPN. Akiwa anakupa bure, jiulize anakula wapi. VPN nyingi za bure huishi kwa matangazo na kwa kuuza habari za watumiaji. La tatu, kazi ya mtu ikichukuliwa bila ruhusa kupitia VPN inabaki kazi ya mtu iliyochukuliwa bila ruhusa.

Kadi itoke, simu ibaki mfukoni

Nirudi kwenye meza ya duka, maana hapo ndipo watu wengi wa kanda hii wanapoumia, na hawaumizwi na polisi.

Ukimpa mtu simu yako iliyofunguliwa, akaichomeka kwenye kompyuta na wewe ukaruhusu ihamishe mafaili, umemfungulia kila kitu kilichomo kwenye hifadhi: picha za mkeo, video uliyorekodi ukiwa umelewa, picha ya kitambulisho cha NIDA uliyompigia wakala, picha ya mkataba wa shamba, picha ya leseni ya uchimbaji ya bosi wako. Kunakili folda nzima ya picha huchukua dakika chache tu, muda uleule wa kuwekewa nyimbo. Wewe unaangalia mpira kwenye televisheni ya jirani. Sisemi kila mwenye duka hufanya hivyo. Wengi ni vijana waaminifu wanaotafuta ugali. Nasema huna namna ya kujua ni yupi asiyefanya, na picha ikishanakiliwa hairudi.

Kwa hiyo weka kanuni hii na uishike: dukani inakwenda kadi, haiendi simu. Nunua memori kadi ndogo ya kazi hiyo tu, GB 16 au 32, isiyo na picha yako hata moja. Kadi yenye mambo yako itoe na uiache nyumbani. Ukirudi usikimbilie kuirudisha kadi ya dukani kwenye simu yenye M-Pesa na programu ya benki; kama una kitochi cha zamani kinachocheza muziki, au redio yenye tundu la kadi, ichezeshe huko. Kitochi hakina programu za kuibiwa.

Flashi nazo zina ugonjwa wao. Kompyuta moja inayopokea flashi hamsini kwa siku ni kama kikombe kimoja kinachonywewa na kambi nzima. Dalili ya kawaida ni kuona folda zako zote zimegeuka vijialama vidogo vyenye mshale, ukibofya kimoja kinafunguka lakini na kirusi kinajisambaza nyuma yake. Mwalimu anayetumia flashi hiyohiyo kwa mitihani ya shule, au karani anayebebea mishahara ya ushirika, anaupeleka ugonjwa huo ofisini mwake. Flashi ya muvi iwe ya muvi. Ya kazi isiguse duka.

Simu ikiharibika na lazima iende kwa fundi, toa laini na kadi kwanza, hamisha picha zako mahali pengine, na kaa hapo anapotengeneza. Akitaka neno la siri la kufungulia, mpe, kisha libadilishe kabla hujavuka barabara. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Unaweza kupeleka malalamiko huko taarifa zako zikitumiwa vibaya, na ni haki ya kuidai. Hata hivyo hakuna tume iwezayo kuifuta picha iliyokwisha kuingia kwenye makundi ya WhatsApp kutoka Ushirombo hadi Tinde.

Pale palipoandikwa PAKUA

Wapo wasiokwenda dukani. Wanaandika jina la muvi mtandaoni, wanaongeza neno «bure», na ukurasa unawafungukia wenye vitufe vinne vya kijani vyote vimeandikwa PAKUA. Vitatu kati yake kwa kawaida ni matangazo. Kimoja kitakuomba uruhusu arifa, na ukikubali, kuanzia kesho utapokea ujumbe usiku na mchana kwamba simu yako ina virusi kumi na tatu. Kingine kitakutaka uandike namba ya simu «kuthibitisha umri», na bila kujua utakuwa umejiunga na huduma inayokata salio kidogokidogo. Cha tatu ndicho cha kuogopa kuliko vyote: kitakushushia faili ambalo si muvi kabisa.

Jifunze kusoma mkia wa jina la faili, herufi zile zinazofuata nukta ya mwisho. Wimbo huishia na mp3 au m4a. Video huishia na mp4, mkv au avi. Faili likiishia na apk, hiyo ni programu ya simu. Likiishia na exe, scr au vbs, ni programu ya kompyuta. Muvi haihitaji kusakinishwa. Ukishaona «sakinisha», acha hapohapo, futa. Kompyuta nyingi za Windows huficha mkia huo zisipoelekezwa vingine, kwa hiyo jina linaloonekana limeishia na mp4 huenda nyuma yake lina exe. Fungua mipangilio ya mafaili, uamuru mikia ionekane. Tena ujihadhari na faili lililofungwa kwa neno la siri ambalo neno lenyewe limeandikwa palepale pembeni. Limefungwa hivyo ili programu ya kukagua virusi isiweze kuchungulia ndani.

Tuseme umesakinisha. Inafunguka programu inayoahidi muvi zote, nayo inaomba ruhusa. Hapa simama na utafakari kila moja. Inataka kusoma SMS kwa sababu gani? Kwa sababu namba za uthibitisho za benki na za WhatsApp huja kwa SMS. Inataka majina yaliyomo kwenye simu? Orodha hiyo ni mali. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na miongoni mwa vilio vya watu kuhusu mikopo hiyo ya mtandaoni kilikuwa kimoja: mtu akichelewa kulipa, mama mkwe, mchungaji na mwajiri wote wanapigiwa simu, kwa sababu siku ya kwanza aliruhusu orodha ya majina isomwe. Mwenye programu ya muvi ya wizi amekupa sababu gani ya kumwamini zaidi ya hao?

Kubwa kupita zote ni ruhusa ya Ufikivu. Iliwekwa kwenye simu kuwasaidia wasioona na wenye ulemavu mwingine, kwa hiyo programu iliyopewa inaweza kusoma kilicho kwenye kioo na hata kubonyeza kwa niaba yako. Ukiipa programu ya wizi, ni sawa na kumkalisha mgeni begani mwako kila unapoingiza namba ya siri. Pamoja nayo ipo ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine. Kwa hiyo ukifungua programu ya benki, juu yake hutandazwa ukurasa wa bandia unaofanana nayo, ukaandika siri zako kwa mwizi.

WhatsApp za kughushi, kama ile inayoitwa ya GB, ziko kwenye kapu hilohilo. Watu wanaipenda kwa sababu inaonyesha ujumbe uliofutwa na kuhifadhi status za wengine. Meseji zako zote zinapita kwenye programu iliyotengenezwa na mtu usiyemjua, na WhatsApp yenyewe huzifungia namba zinazoitumia.

Naandika aya ifuatayo bila kuzunguka. Kuna vijana hawatafuti muvi wala wimbo, wanatafuta «konekisheni», zile video za faragha za watu zilizovuja. Matapeli wanalijua neno hilo na viungo vingi vinavyosambazwa kwa jina hilo ni mitego tu. Na video yenyewe ikiwemo, ndani yake yupo binti wa mtu ambaye hakuridhia kuonwa na wewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao inahesabu kosa kusambaza picha za ngono kwa kompyuta au simu, na akiwa ni mtoto, adhabu ni nzito zaidi. Kwenye kundi la Telegram au WhatsApp linalorusha vitu hivyo, namba yako inaweza kuonekana miongoni mwa wanachama, na simu inaweza kuwa inavihifadhi yenyewe bila wewe kubonyeza. Toka kwenye kundi hilo, na zima upakuaji wa moja kwa moja.

Torenti: unapochukua, unagawa

Wenye kompyuta na intaneti ya ofisi wanapenda torenti, na wengi hawajui inavyofanya kazi. Faili halitoki sehemu moja. Limekatwa vipande, na kila aliye nalo anawagawia wengine. Kipande kikishakufikia, programu inaanza kukigawa kwa watu wa Brazil, India na Poland huku wewe bado unasubiri vilivyobaki. Mambo matatu hufuata. Bando linaisha kwa kasi usiyoielewa, kwa sababu unalipia kupokea na kutuma. Anwani yako ya IP inaonekana na kila aliye kwenye mgawo huo, wakiwemo watu walioajiriwa na makampuni ya filamu kukaa humo na kuandika anwani. Na kisheria hujabaki mpokeaji, umekuwa msambazaji.

Hapa kwetu sijawahi kuona mtu wa Geita akiletewa barua nyumbani kwa torenti. Ujerumani barua hizo ni jambo la kawaida. Kampuni ya mawakili hupata anwani, huenda mahakamani kupata jina la mwenye mkataba wa intaneti, kisha humwandikia kumdai mamia kadhaa ya euro kwa filamu moja, pamoja na hati ya kuahidi hatarudia. Barua humfikia mwenye mkataba, hata kama aliyepakua ni mgeni wake. Kwa hiyo kijana wako akipata nafasi ya kusoma huko, pamoja na kumfungia unga na dagaa, mwambie aifute programu ya torenti kwenye kompyuta kabla hajapanda ndege. Huendelea kugawa yenyewe kila kompyuta inapowashwa.

Sheria inasemaje

Watu wengi husema, «Mimi siuzi, naangalia tu, kwa hiyo sina kosa.» Maneno hayo yana ukweli nusu, na ile nusu nyingine inaweza kukufunga.

Sheria mama ni ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Sura ya 218, ndiyo iliyounda COSOTA, taasisi ya hakimiliki. Inampa mtunzi haki ya kunakili kazi yake, kuisambaza, kuitafsiri na kuionyesha hadharani. Inaacha nafasi finyu kwa mtu kujinakilia kwa matumizi yake binafsi kazi iliyokwisha kutolewa kihalali. Nafasi hiyo ni kama mlango wa kibanda: inakutosha wewe peke yako. Ukimrushia mwenzako, ukiweka kwenye kundi, ukichezesha baa, umeshatoka nje yake.

Kisha ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo. Kifungu cha 24 kinakataza kutumia kompyuta kwa nia ya kukiuka haki za ubunifu wa mtu, na simu janja nayo ni kompyuta. Hata pasipo biashara, faini ni isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Palipo na biashara, faini ni isiyopungua milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili, na juu yake kuna kumfidia aliyeibiwa. Soma tena neno «kisichopungua». Hakimu akishakutia hatiani, hapo ndipo anapoanzia kuhesabu. Kwa kijana anayelipwa kwa viroba vya mawe, milioni 5 ni msimu mzima, au miwili.

Je, polisi watakufuata kwa sizoni moja? Nionavyo, nguvu zao huelekezwa kwa wanaouza. Ila kosa hili huibuka kwa mlango wa nyuma: simu yako inachukuliwa kwa kesi nyingine, ugomvi wa duara au tuhuma ya wizi, inakaguliwa, na vilivyomo vinakuwa shtaka la pili.

Wachimbaji mnalielewa jambo hili kuliko watu wa mjini. Eneo likiwa na leseni ya mtu, jiwe lililo chini yake ukilitoa usiku, hata kama umelitoa kwa jasho na pumzi yako, si lako. Na tangu soko la madini lifunguliwe Geita Machi 2019, dhahabu isiyo na maelezo ya ilikotoka inamtia taabani anayeiuza na anayeinunua. Wimbo nao una mwenye duara. Yule mwimbaji wa Kisukuma mnayemwita harusini, akasimama kutwa juani akicheza na kutunga majina ya wenye sherehe, alilipia studio, alilipia mpiga kinanda, alilipia mpiga picha wa video. Faili lake linauzwa Katoro kwa bei ya andazi na yeye hapati hata senti.

Kwamba msanii anaweza kushinda, tumeona. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe wanamuziki AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa nyimbo zao zilizotumiwa kama miito ya simu bila idhini, na shauri likaendelea kwenye rufaa. MwanaFA huyohuyo, Hamis Mwinjuma, mwaka 2023 aliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo, wizara ambayo COSOTA iko chini yake. Usifikiri kwamba huko juu hawaijui adha hii.

Kwa mwenye duka, na mwenye kibanda umiza

Ndugu yangu mwenye kompyuta, sheria inakuangalia wewe kuliko mteja wako. Kompyuta yako yenye maelfu ya muvi ni ghala la ushahidi, na bango lako ni tangazo la biashara. Serikali ilijaribu kwanza kwa stempu: 2013 mamlaka ya mapato, TRA, ilianza kubandika stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Aprili 2017 waigizaji wa Bongo muvi waliingia Kariakoo kwa maandamano wakilalamikia filamu za nje zinazouzwa bila stempu. Kisha memori kadi ikaua CD, na stempu haibandikiki kwenye faili. Usidhani kwamba kwa kuwa stempu imekosa pa kukaa, na kosa limetoweka.

Usijifariji na muvi zilizotafsiriwa pia. Tangu enzi za mtafsiri Lufufu tumezoea kusikia sauti ya Kiswahili juu ya mapigano ya Wachina, na ni sanaa ninayoipenda tangu utoto. Lakini kutafsiri ni haki ya mwenye filamu. Aliyetia sauti bila idhini amekiuka, na wewe unayeuza unazidisha.

Unaweza kuigeuza biashara bila kuifunga. Wapo wasanii wa kanda hii, waimbaji wa asili, kwaya za AIC na za Kikatoliki, wachekeshaji, ambao shida yao kubwa ni kufika Mwakitolyo na Nyakagwe kusikokuwa na mtandao wa kuaminika. Keti nao, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: nyimbo zipi, kwa muda gani, unamlipa nini kwa kila kadi. Mwende kwa mwanasheria au hata ofisi ya kata mkashuhudiwe. Mshauri msanii asajili kazi yake COSOTA. Hakimiliki huzaliwa kazi inapotengenezwa, bila kungoja usajili, lakini karatasi husaidia mkibishana mahakamani. Ongeza huduma ambazo hazina mwenyewe wa kukudai: kusafisha virusi, kuhamisha picha za wateja kwenda kadi mpya, kuchapa, kutuma maombi ya ajira na vyuo.

Kibanda umiza kina jambo lake. Kingʼamuzi ulichonunua kwa matumizi ya nyumbani, ukakifunga bandani na kutoza watu kiingilio waone Simba na Yanga, kimetoka nyumbani. Maonyesho ya hadharani yana kibali chake, kwa mpira na kwa muvi. Andikia COSOTA kuhusu muziki na filamu, muulize mwenye kingʼamuzi kuhusu kifurushi cha biashara, na usajili banda lako halmashauri. Uyapate majibu hayo kwa maandishi, uyatundike ukutani.

Pa kuchukulia bila hofu

Muziki upo kihalali na kwa gharama ndogo: Mdundo, kampuni iliyoanzia Kenya, inakupa nyimbo bure kwa matangazo; Boomplay ina sehemu ya bure na ya kulipia. Wasanii wengi, wa Kisukuma wakiwemo, huweka video zao wenyewe YouTube, na kila unapoitazama huko kuna kitu kidogo kinachowarudia. Hakikisha tu ni chaneli ya msanii mwenyewe, maana wapo wanaopandisha kazi za wenzao. Programu ya muvi ichukue Play Store, soma jina la aliyeitengeneza, usiichukue kwenye kiungo cha kundi.

Ukishaumia

Simu imeanza kupata joto bila kazi, bando linayeyuka, ndugu wanakupigia kuuliza mbona umeomba laki moja WhatsApp. Fanya haraka na kwa mpangilio huu. Zima data na Wi-Fi, toa laini. Laini iweke kwenye kitochi, piga 100 kwa mtandao wako, uombe akaunti ya fedha ifungwe kwa muda, kisha ubadilishe namba ya siri ukiwa kwenye kitochi hichohicho. Pigia benki. Waambie ndugu kwa sauti yako, wala usitumie meseji, kwamba wasitume fedha yoyote. Kwenye simu iliyoumwa, ingia mipangilio ya Ufikivu, ondoa ruhusa ya programu usiyoitambua, kisha ifute. Ikikataa kufutika, futa simu nzima irudi kama ilivyotoka kiwandani. Picha utazikosa, hesabu hiyo kuwa bei. Irejeshe WhatsApp kwa namba yako na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, ile siri ya tarakimu sita ambayo hutamtajia mtu hata akijiita mtu wa huduma kwa wateja.

Meseji za utapeli zilizokuja kwako zitume 15040. Usizifute. Ziandike kwenye karatasi pamoja na namba, tarehe, saa na kiasi kilichotoka, uende nazo polisi, na usiondoke hapo bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako, kwa sababu mtandao wa simu na benki watakuuliza hiyo kwanza. Kama kwenye simu hiyo mlikuwa na muvi za duka, askari akiuliza programu ilitoka wapi, mwambie kweli. Na ile memori kadi iliyokuwa ndani, usiitie kwenye simu mpya.